Kamoya Alitoka Kutembea Tu: Makumbusho ya Nairobi kama Msimulizi

Nilipowaambia wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi kwamba safari hii sitahakiki riwaya wala tamthilia, bali nitahakiki Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, mmoja wao alicheka mpaka chai ikampalia. "Kwani Makumbusho yameandikwa na nani?" akauliza. Aliuliza kwa mzaha, lakini swali lake nimekaa nalo wiki nzima, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba ni swali la mhakiki hasa.

Maana hebu tazama. Pale juu ya kilima watu wanasimuliwa visa kutwa. Watoto wa shule wanashuka kwenye mabasi wakasimuliwa. Wageni wanasimuliwa. Kuna mihadhara, kuna Siku ya Makumbusho Duniani kila tarehe 18 Mei, kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Shughuli hii haikuanza jana: chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanza kukusanya vitu hivyo kiliundwa mwaka 1909, na jengo la kilimani likafunguliwa mwaka 1930 likiitwa Coryndon, jina la gavana wa kikoloni. Msimulizi wa umri huo, anayesikilizwa na watu wengi kuliko mwandishi yeyote tunayemsoma katika jarida hili, kwa nini tusimpime kwa fani na maudhui kama tunavyowapima wengine?

Nianze na kosa ambalo si la Makumbusho. Mara ya kwanza nilifika pale nikiwa darasa la sita. Shule sitaitaja. Tulipangwa mistari miwili, kila mtu na daftari na kalamu, na mwalimu akatoa amri moja tu: "Andikeni, mtaulizwa." Basi tukaandika. Tulinakili maelezo ya ukutani neno kwa neno, kwa Kiingereza, kutoka kioo kimoja hadi kingine, wala hatukuinua macho kutazama kilichokuwa nyuma ya kioo. Niliandika Homo erectus nikakosea herufi mbili. Fuvu lenyewe sikuliona! Nilikuwa nimesimama mbele yake kwa dakika kumi nzima. Tuliporudi shuleni hakuna aliyeuliza kitu, na lile daftari nadhani mama aliwashia jiko.

Nasimulia haya kwa sababu nadhani wengi wenu mlipitia njia hiyo hiyo. Sayansi tulipewa kama imla. Baadaye tunashangaa kwa nini katika hadithi zetu vijana wote ni wanamuziki, machangudoa au wanasiasa, na hakuna hata mmoja anayeokota jiwe akajiuliza lilitoka wapi.

Lakini hata siku ile kulikuwa na kitu kimoja kilichotutoa kwenye mistari, nacho ni Ahmed. Kwa wasiomjua, Ahmed alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri rasmi kwamba alindwe, akawekewa askari wenye bunduki wa kumfuata usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974, kifo cha kawaida, si cha risasi. Leo sanamu yake kubwa imesimama uani pale Makumbusho, na ukitaka kujua nguvu ya masimulizi nenda ukakae karibu nayo nusu saa. Utasikia baba akimweleza mtoto, na mtoto akibisha. Utasikia vijana wakibishana kama askari walilala au hawakulala. Wote kwa Kiswahili, au Kikikuyu, au Kisomali, au kile Kiswahili chetu cha mtaani ambacho walimu hawakitaki. Hakuna anayenakili.

Ukichunguza utaona sababu. Ahmed ni mhusika. Ana kwao, ana maadui, ana rafiki mwenye mamlaka, ana kifo. Sio mhusika duara kwa kipimo cha vitabu vya fasihi, lakini anatosha. Kila mtu anaweza kuondoka naye kichwani akaenda kumsimulia nyumbani.

Sasa tuje kwa Kamoya.

Kamoya Kimeu alikuwa mtu wa Ukambani aliyesoma shule ya msingi tu. Alianza kazi ya kuchimba na akina Leakey kule Olduvai akiwa kijana, na mwaka 1964, karibu na Ziwa Natron upande wa Tanzania, akapata taya la kale la mojawapo ya aina za viumbe waliokuwa jamaa wa binadamu. Baadaye akawa kiongozi wa kikosi cha Wakenya waliotafuta visukuku kaskazini, kwenye jua la Turkana. Visukuku, ndugu msomaji, ni mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Mfupa unafunikwa na udongo, maji yanapita, madini yanaingia polepole mahali pa mfupa, na baada ya muda mrefu kupita kiasi unabaki na jiwe lenye umbo la mfupa. Tatizo ni kwamba jiwe hilo linalala miongoni mwa mawe mengine maelfu, ya rangi ile ile.

Agosti mwaka 1984 walikuwa wamepiga kambi Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kando ya mto uliokauka. Ilikuwa siku ya mapumziko. Kamoya hakupumzika. Alitoka kutembea tu. Ng'ambo ya mto, kwenye changarawe nyeusi, akaona kipande kidogo cha mfupa, kadiri ya kibiriti, cheusi kama zile changarawe. Akainama. Kilikuwa kipande cha fuvu.

Waliitwa Richard Leakey na Alan Walker, wakachimba, wakachekecha udongo, wakarudi mwaka uliofuata na mwingine, na kidogo kidogo akatokea mtoto mzima, ukiondoa karibu mifupa yote ya viganja na nyayo. Ni Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Mpaka leo ndiye mmojawapo wa watu wa kale sana ambao mifupa yao imepatikana ikiwa karibu kamili. Wataalamu hawajamaliza kubishana juu yake. Ukitazama meno yake unaambiwa alikufa na miaka minane au tisa. Ukitazama urefu na mifupa yake unadhani ni kijana wa miaka kumi na miwili au zaidi. Kumbe watoto wa wakati ule walikua upesi kuliko wetu. Taya lake lina dalili za maradhi mahali jino la utotoni lilipong'oka, na wako waliofikiri kwamba ndiyo yaliyomuua.

Niambie, mwanakalamu mwenzangu, hapo hakuna riwaya? Kuna mtu asiye na cheti, kuna siku ya mapumziko, kuna kipande kidogo cha jiwe, na chini yake mtoto mwenye jino bovu anayesubiri miaka milioni moja na nusu. Mimi niliposoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza fomu foa na sina kazi, na nakiri kwamba nililala nikimfikiria Kamoya, si mtoto. Ningetaka kujua alivaa viatu gani siku ile, wenzake walimwambia nini alipoondoka kambini, na kama alipoinama aliita mtu au alinyamaza kwanza.

Hapa ndipo ninapomlaumu msimulizi wetu wa kilimani. Nje ya Makumbusho ameketi Louis Leakey wa sanamu, jiwe mkononi, na ukumbi wa mihadhara una jina lake. Sina ugomvi na hilo. Mzee yule alifanya kazi, na alizaliwa Kabete hapo karibu. Lakini masimulizi ya visukuku vyetu yana desturi ya kumweka profesa mbele kama nafsi ya kwanza, na yule aliyeinama akaokota anatajwa katika sentensi moja kisha anatolewa jukwaani. Kwa lugha ya darasani tungesema Kamoya amefanywa mhusika bapa. Wenye elimu yao hawakumsahau, tuwe wa haki: mwaka 1985 alikwenda Marekani akavishwa nishani ya La Gorce na Rais Reagan mwenyewe, na kuna nyani wa kale wawili waliopewa jina lake, mmoja ni Kamoyapithecus. Alifariki Julai 2022. Siku hiyo nilikuwa kwenye matatu, nikawauliza watu wawili kama wanamfahamu. Mmoja aliuliza, "Ni mchezaji wa timu gani?"

Nimesema kosa la mwalimu wangu si la Makumbusho, na sasa niongeze kwamba Makumbusho yamekuwa na ujasiri ambao waandishi wengi hawana. Yalifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa, yakafunguliwa tena mwaka 2008. Katikati ya muda huo baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walidai kwamba mifupa hiyo isitangazwe kama ushahidi wa asili ya binadamu, au irudishwe nyuma isionekane sana. Haikurudishwa nyuma. Milango ilipofunguliwa, Kijana wa Turkana alikuwa miongoni mwa nguzo za maonyesho. Mwandishi anayeondoa sura nzima kwa kuogopa jirani atasomewa nini?

Lakini ujasiri wa kuonyesha si ujasiri wa kuzungumza. Nasema hivi kwa sababu ya mama yangu. Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili na katikati ya wiki pia, na kwake habari hizi zote ni "mambo ya nyani". Siku moja umeme umepotea, tumekaa gizani, nikamsimulia kisa cha Nariokotome. Sikumwambia mageuko wala Homo nani. Nilimwambia kulikuwa na mtoto, zamani sana, jino likamsumbua, akafia karibu na maji, udongo ukamfunika, na mwanamume mmoja wa Ukambani akamkuta. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na mama yake alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika maelezo yote niliyowahi kusoma juu ya mtoto yule sikuwahi kuona mtu akiuliza hilo. Na si swali la kijinga hata kidogo. Ukiliuliza kwa makini unafika pale pale wanapofika wanasayansi: watu wale waliishi makundi gani, walitunza watoto mpaka lini, mtoto wa miaka minane mwenye mwili wa kijana alijitegemea au bado alilishwa? Mama yangu alifika kwenye swali la utafiti bila kupita chuo, kwa sababu alisimuliwa kwa lugha anayoiotea ndoto.

Hapa ndipo penye kidonda. Sayansi ya umma katika mji huu, kwa sehemu kubwa, inasema Kiingereza. Niliwahi kuhudhuria mhadhara mmoja juu ya visukuku, si pale Makumbusho, katika ukumbi ambao sitautaja. Mwishoni fundi mmoja wa makanika aliyekaa nyuma yangu alisimama akauliza kwa Kiswahili safi: hao wanaosema jiwe hili lina miaka milioni, saa yao ni ipi? Watu wakacheka. Mhadhiri naye akajibu kwa Kiingereza, haraka, maneno marefu, akataja majivu ya volkano na kuoza kwa chembe. Jibu lilikuwa sahihi. Fundi alikaa chini, akainamia simu yake.

Jioni ile nilijaribu kulitafsiri jibu lile kwa ajili ya riwaya yangu ikanichukua siku nne. Mwishowe nikaandika hivi: volkano inapolipuka inatoa majivu, na ndani ya majivu mna madini ambayo sehemu yake hugeuka kidogo kidogo kuwa kitu kingine, kwa mwendo usiobadilika, jua liwake au mvua inyeshe. Ukipima kilichokwisha kugeuka na kilichobaki, unajua majivu yalitua lini. Na mfupa uliolala kati ya tabaka mbili za majivu umri wake uko katikati. Mistari mitatu tu, bwana. Fundi yule angeelewa, tena angeuliza la pili, ambalo lingekuwa gumu zaidi. Wale wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi nadhani hawajawahi kukaa siku nne.

Tukio lililonibadilisha mawazo ni lile la Jumatano. Matembezi ya ndege yalianzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, na chama cha Nature Kenya, ambacho ndicho kile kile cha 1909 kwa jina jipya, kinayaendesha hadi leo. Watu wanakutana Makumbusho asubuhi, kisha wanakwenda kutazama ndege mahali fulani mjini au pembezoni. Jumatano asubuhi ni wakati wa wastaafu na wasio na kazi. Mimi nilistahili.

Nilikwenda na viatu vya kanisani kwa sababu vingine vilikuwa vimeloa, nikidhani nitapewa mhadhara. Hakuna aliyehutubu. Tulitembea polepole mno, mwendo ambao ungewaudhi watu wa mjini, na kila baada ya hatua chache mtu anasimama, wote tunasimama. Walikuwepo wazee wawili wenye kofia, mama mmoja wa makamo, Wazungu watatu, na kijana wa rika langu anayetaka kuwa mwongoza watalii, ambaye aliniazima darubini yake bila kuombwa. Kwarara wakapita juu na zile kelele zao zinazotuamsha Nairobi nzima, na kwa mara ya kwanza maishani nikawatazama badala ya kuwalaani. Kumbe bawa lake lina rangi ya kijani inayong'aa! Miaka ishirini na kitu nilimjua kama kelele tu.

Kisha likaja jambo lenyewe. Kichakani kulikuwa na ndege mdogo wa kahawia, hana urembo wowote. Mzee mmoja akamtaja. Mwenzake akakataa, akasema mkia si huo. Kitabu kikafunguliwa. Kijana wa darubini akasema tumsikilize kwanza, basi watu kumi wazima tukanyamaza kando ya njia tukisikiliza kichaka. Ndege akalia mara mbili, akaruka. Wazee wakatazamana. "Huyu hatumjui," akasema yule wa kwanza, bila aibu, akaandika alama ya kuuliza kwenye daftari lake, tukaendelea.

Taharuki ile hatujaipata katika hadithi nyingi tunazochapisha humu. Na kama mlivyoona, ni mwendo ule ule wa Kamoya: kutembea taratibu mahali ambapo wengine wamepita, na macho hayachoki. Vioo vya ndani vinakuonyesha kilichopatikana. Jumatano unaona namna ya kupata.

Sisemi matembezi hayo hayana kasoro. Siku yenyewe inamfungia nje kila mwenye ajira na kila mwanafunzi. Darubini ni ghali. Kiingereza kinatawala huko nako, ingawa hapo nilijaribu kidogo: nilipouliza mnana anaitwaje kwao, mzee akatoa jina la Kikamba, mama wa makamo akatoa la Kijaluo, kijana akatoa lake, na kwa dakika tano tukawa na mjadala ambao Wazungu watatu ndio waliokuwa wakiomba tafsiri. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Ila majina yale hakuna aliyeyaandika, hata mimi, na leo nimeyasahau mawili kati ya matatu. Hilo nalilaumu kwangu.

Wahusika wa Makumbusho wakisoma ukurasa huu, ombi langu ni dogo. Mwekeni Kamoya katikati ya kisa chake, siku ya mapumziko, ng'ambo ya mto. Halafu siku moja waiteni watu wa Gikomba, Kariobangi na Eastleigh, mwapeni mtaalamu mmoja na Kiswahili kitupu, na watu waulize mpaka wachoke. Yule fundi wa makanika nitamtafuta mimi mwenyewe.

Jumatano ijayo nakwenda tena. Mama ameniagiza nikaulize lile swali lake, na ameniambia nivae viatu vya maana. Anayetaka kuja anikute nje karibu na sanamu ya Leakey, mapema. Nauli kila mtu ajilipie.